SMIG inafukuza watu ku kazi? Tuulize historia ya Katanga yetu

Bandugu, msimu uliopita nilisimamia shamba la mahindi upande wa Sakania. Siku ya malipo nikamuuliza mwenye shamba: kwa nini watu wetu wa kazi ya siku wanapata chini ya SMIG, ule mshahara wa chini kabisa uliowekwa na serikali? Akanijibu: «Mwanangu, nikilipa SMIG nitabakiza nusu ya watu tu.» Nilikosa jibu. Njo nikaenda kutafuta mu historia.

Reli kutoka Rodezia ilifika Sakania mwezi wa 12, 1909, na mwaka 1910 ikafika Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Union Minière ilikosa wafanyakazi, na kampuni ya Robert Williams ikawaandika watu wengi wa Rodezia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Mishahara yao ilihesabiwa kwa pesa ya Waingereza. Kisha vita ya 1914-1918, franga ya Ubelgiji ikaanguka. Mtu wa Rodezia hakuongezewa kitu, lakini machoni mwa kampuni akawa wa bei kali. Je, kampuni ilipunguza kazi? Hapana. Pole pole ilitafuta watu wengine: Lomami, Maniema, Ruanda-Urundi. Tangu 1928 ikaanza kuwapa kontra ya miaka mitatu, nyumba ya kambi na posho, pamoja na bibi na watoto.

Hapo mwenye shamba ana haki kidogo. Mshahara wa kundi moja ukipanda, na pembeni kuko mtu wa bei ya chini, yule wa kwanza anatoka. Lakini angalia vizuri: kazi haikupotea, ilibadilisha mikono.

Kazi ilipotea kweli wakati gani? Kati ya 1930 na 1932. Bei ya shaba ilianguka mu dunia yote, na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa Union Minière walirudishwa kwao. Mshahara wao ulikuwa mdogo, na udogo ule haukuokoa mtu.

Kisha ikaja 1941. Vita ya pili ilihitaji shaba yetu, bei za vitu ku soko zikapanda, lakini mshahara wa mtu mweusi haukufuata. Wafanyakazi wakagoma. Tarehe 9 mwezi wa 12, ku kiwanja cha mpira cha Élisabethville, askari walipiga risasi mbele ya gavana Maron. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, aliuawa. Serikali ya kikoloni yenyewe ilihesabu watu 48 waliokufa. Mishahara ikaongezwa, na kampuni haikufunga mlango. Pesa ilikuwako.

Na SMIG yetu ya leo? Mwaka 2008 iliwekwa franga 1.680 kwa siku, karibu dola 3. Ikakaa vile miaka kumi. Franga ikaanguka, na mwanzoni mwa 2018 ile 1.680 ilibaki karibu dola moja. Kama mshahara mdogo ungeleta kazi, miaka ile vijana wote wa Katanga wangekuwa na kazi. Mulikuwako, munajua. Mwezi wa 5, 2018 ikapandishwa mpaka 7.075, na mwaka 2025 ikapandishwa tena.

Sasa nina jibu kwa yule mzee. Kitu kinachobana shamba lake ni zaidi bei ya mahindi yanayoingia kutoka Zambia, mbolea ghali na barabara mbovu, kama vile bei ya shaba ilivyobana mine zamani. Na woga wake wa jirani anayelipa chini ni wa kweli. Dawa yake ni SMIG kufika kwa wote: mine, wale wanaowapelekea mine watu wa kazi, na mashamba, siku moja. Ikilipwa na mmoja tu, tunarudia hadithi ya watu wa Rodezia.

Bandugu wenye diplome, kesho ni sisi tutashika daftari ya pointaji. Mimi niliishika, nikaandika majina ya watu na pesa ndogo kando yake, nikatia sahihi. Sahihi ile bado inaniuma. Wewe ungeandika nini?