Pointi za Safari: Akiba, Zawadi au Deni?

Binamu yangu anayefanya kazi Maskati alinipigia simu saa nne za usiku, na hakupiga kwa salamu. Shirika la ndege analosafiri nalo kila mwaka kwenda na kurudi Unguja lilikuwa limeanza kufuta safari. Mara ndege mbovu, mara ratiba imebadilika, mara zikaja habari kwamba ndege mbili zimechukuliwa na wenyewe waliozikodisha. "Kaka," akaniuliza, "nina pointi 86,000 kule. Wakifunga, akiba yangu inakwenda wapi?"

Mimi kazi yangu ni tafsiri, kwa hiyo sikio langu lilinasa neno moja: akiba. Akiba ni kitu ulichokiweka mwenyewe, mahali unapopajua, na siku ukikihitaji unakikuta. Wahenga walisema haiozi. Pointi za ndege zinaoza. Nyingi zina tarehe ya kufa, thamani yake hubadilishwa na mtu mwingine, na mahali zilipo hupajui. Nikamwambia binamu kwanza aliache neno hilo, ndipo tuzungumze la kufanya, maana mtu anayeamini ana akiba hukaa akaitunza, na hapa kutunza ndiko kunakoangamiza.

Majina ya kitu hiki yamechangia kutuchanganya. Wengine huziita maili, na jina hilo lina historia yake. American Airlines ilipoanzisha mpango wake wa AAdvantage tarehe 1 Mei 1981, miaka mitatu baada ya Marekani kuondoa mkono wa serikali katika nauli na njia za ndege, abiria alihesabiwa umbali aliosafiri. United ilifuata siku chache baadaye. Lakini Delta na United tangu 2015, na American tangu 2016, huhesabu zaidi fedha ulizolipa. Aliyekata tiketi ghali ya safari ya saa moja anaweza kupata "maili" nyingi kuliko aliyevuka bahari kwa nauli nafuu. Kipimo kimeondoka, neno limebaki.

Wapo wafasiri wanaoandika alama. Silipendi neno hilo hapa. Alama kwa Mswahili ni ya mtihani, ya barabarani, au ya kovu usoni. Pointi limeshinda kwa haki: tulilizoea katika ligi ya mpira, kisha kampuni ya simu ya Safaricom ikalitia mkononi mwa kila mtu Kenya kwa pointi za Bonga kuanzia 2007. Precision Air ya Tanzania iliuita mpango wake Paa Royal, na hapo lugha yetu imefanya kazi nzuri peke yake: paa ni mnyama mwepesi wa mbio, na kupaa ni kuondoka ardhini.

Neno linalonisumbua kweli ni uaminifu. Matangazo ya benki na ya mashirika ya ndege husema "mpango wa uaminifu", "pointi za uaminifu". Uaminifu ni ndugu wa amini, imani na amana. Katika Kiswahili mwaminifu ni yule aliyeshika cha mwenzake na hakukila. Sasa tazama nani ameshika cha nani. Abiria amekwisha kulipa nauli yake yote. Shirika ndilo lililobaki na kitu cha abiria mkononi, yaani ile ahadi ya kumsafirisha siku nyingine. Anayepaswa kuwa mwaminifu ni shirika, lakini jina limeutwika wajibu huo kwa abiria.

Kukomboa, kwa upande mwingine, ni tafsiri iliyogusa ukweli. Tunakomboa kitu kilichowekwa rehani, tunakomboa mateka, na bandarini Dar es Salaam watu hugomboa makontena yao. Kila mara kitu ni chako lakini kimo mkononi mwa mwingine, na kuna sharti la kutimiza kabla hujakipata. Anayesema "nakomboa pointi zangu" amekiri, hata bila kukusudia, kwamba bado hana kitu.

Basi pointi ni nini? Fungua vitabu viwili vya shirika lilelile. Katika hesabu zake, kwa mujibu wa kanuni ya kimataifa ya uhasibu inayoitwa IFRS 15, iliyoanza kutumika 2018, shirika linalotoa pointi zenye thamani ya kweli kwa abiria haliruhusiwi kuihesabu nauli yote kuwa mapato siku unaposafiri. Lazima litenge sehemu inayolingana na pointi ulizopewa, na sehemu hiyo iandikwe upande wa madeni mpaka utakapozitumia au zitakapokufa. Kitabu cha pili ni masharti ya uanachama, yale maandishi madogo tunayoyapitia bila kusoma. Humo, katika mipango mingi mikubwa, imeandikwa kwamba pointi si mali ya mwanachama, hazina thamani ya fedha, na kampuni inaweza kubadili masharti au kufunga mpango. Kwa mkaguzi wa hesabu ni deni. Kwa mdai mwenyewe, si kitu. Mimi naona hapa ndipo istilahi nzuri inapohitajika kuliko mahali pengine popote, kwa sababu mtu ameondolewa haki yake kwa maneno.

Deni likiandikwa, mdaiwa hutamani lifutike. Ndiyo maana pointi nyingi hupewa tarehe ya kufa. Safaricom ilitangaza 2022 kwamba pointi za Bonga zilizokaa zaidi ya miaka mitatu zitafutwa, kisha ikasitisha utekelezaji. Wakenya wengi siku zile ndipo walipotambua kwamba walichokuwa wakikiona kwenye simu kina mwenyewe mwingine.

Hapo binamu akaniuliza swali la pili, gumu zaidi: kwani shirika likifilisika si mahakama itagawa mali, na yeye atapata fungu lake? Lazima tutenganishe maneno. Mufilisi ni aliyefilisika, na mfilisi ni anayeteuliwa kuuza mali ya mufilisi na kugawa kilichopatikana. Wa kwanza kulipwa huwa ni wadai wenye dhamana, yaani walioshika rehani ya ndege au majengo. Wafanyakazi na kodi huwa na nafasi zao kwa kadiri ya sheria ya nchi. Wadai wasio na dhamana hungoja mabaki. Mwenye pointi akikubaliwa kuwa mdai, yumo katika kundi hili la mwisho, na mara nyingi hata mlangoni hafiki.

Ansett ya Australia, kwa mfano, ilisimamisha ndege zake tarehe 14 Septemba 2001. Wanachama wa mpango wake wa Global Rewards walibaki na tarakimu kwenye karatasi.

Lakini si kila shirika linaloyumba hufa, na hapa watu hukosea kwa kukata tamaa mapema. Sheria nyingi zina njia ya uokoaji, ambapo kampuni hukingwa dhidi ya wadai huku ikijipanga upya. United iliingia katika kinga hiyo 2002 ikatoka 2006, Delta 2005 hadi 2007, American 2011 hadi 2013, na maili za abiria hazikuguswa. Sababu yake haikuwa huruma. Iwapo abiria wake bora wangepoteza maili, wangehamia kwa jirani asubuhi yake, na benki zinazonunua maili hizo ili ziwape wateja wa kadi zake zingeacha kununua. Biashara hiyo ni kubwa mno. Mwaka 2024 Delta ilipokea takriban dola bilioni 7.4 kutoka kampuni ya kadi ya American Express.

Ukubwa wake ulionekana wazi wakati wa UVIKO. Ndege zilikuwa zimeegeshwa, abiria hakuna, na katikati ya 2020 United ikauweka rehani mpango wake wa MileagePlus ikapata dola bilioni 6.8. Delta ikafuata na SkyMiles kwa dola bilioni 9, na American ikapata dola bilioni 10 kwa AAdvantage mwezi Machi 2021. United yenyewe iliwaeleza wawekezaji kwamba mpango wake una thamani ya karibu dola bilioni 22, kiasi kilichozidi bei ya hisa zake zote sokoni wakati huo. Tazama kitenzi kukomboa kinavyorudi: abiria anazikomboa pointi kutoka kwa shirika, na shirika linaukomboa mpango mzima kutoka kwa waliolikopesha.

Kwa hiyo swali la kuuliza shirika linapougua ni hili: mbali na shirika lenyewe, nani mwingine anazitegemea pointi hizi? Linganisha vifo viwili vilivyoguswa na mwekezaji mmoja, Etihad ya Abu Dhabi. Air Berlin iliomba kinga ya mahakama tarehe 15 Agosti 2017. Mpango wake, topbonus, ulikuwa kampuni ya pembeni ambayo Etihad ilishika hisa nyingi, lakini ulipumua kwa mapafu ya Air Berlin, na siku kumi baadaye ukaanguka nao. Jet Airways ya India iliacha kuruka tarehe 17 Aprili 2019. Mpango wake wa JetPrivilege nao ulikuwa kampuni ya pembeni yenye mkono mkubwa wa Etihad, ila huu ulikuwa umefungamana na kadi za benki, hoteli na maduka. Mwaka huohuo ukabadilisha jina kuwa InterMiles, na pointi za watu zikaendelea kutumika pasipo ndege ya Jet hata moja angani. Kuwa kampuni ya pembeni peke yake, basi, hakutoshi.

Shirika la binamu yangu lilikuwa dogo, halina benki kubwa nyuma yake. Nilimweleza kwa mfano ambao mama zetu wameuishi. Upatu una kijumbe. Wote wanatoa, mmoja mmoja anapokea kwa zamu, na aliyepangwa mwisho ndiye anayebeba hatari kubwa zaidi, kwa sababu yeye amewakopesha wenzake kwa muda mrefu kuliko wote. Kijumbe akianza kuchelewesha zamu za watu, hakuna mama anayesema ngoja niendelee kutoa ili fungu langu liwe kubwa. Anaomba zamu yake isogezwe. Shirika la ndege ni kijumbe, na mwenye pointi nyingi ambazo hajazigusa kwa miaka amejipanga mwisho kwa hiari yake.

Tukakaa siku ya pili kwenye simu na kulifanya jambo lenyewe. Kwanza tulihakikisha hahamishi pointi za kadi yake ya benki kuzipeleka kwa shirika, kwa sababu zikiwa benki bado zina milango mingi, na zikivuka haziwezi kurudi. Alikuwa pia ametumiwa ujumbe wa kununua pointi za ziada kwa nusu bei, nikamsihi asinunue: shirika lenye njaa ya fedha taslimu huuza ahadi kwa bei rahisi. Kisha tukatazama tiketi za mashirika washirika. Watu husema ukikata tiketi kwa mshirika umepona. Umepona nusu. Kwa kawaida mshirika hulipwa na shirika lako baada ya wewe kusafiri, na akiona mlipaji amekufa anaweza kukukatalia. Tiketi ya miezi tisa ijayo bado ni ahadi, imebadilishwa karatasi tu. Ya wiki tatu zijazo ina nguvu zaidi. Kodi na tozo unazolipa kwa fedha, lipa kwa kadi ya benki inayokuruhusu kudai urejeshewe, usilipe taslimu. Na kama hakuna safari unayoihitaji karibuni, vocha ya hoteli au bidhaa dukani hukupa thamani ndogo kuliko tiketi, lakini hukaa mkononi mwako leo.

Angekuwa na maili za shirika kubwa lililo chini ya kinga ya mahakama, ningemshauri tofauti: usikimbie, ila usizilimbikize, kwa sababu shirika lililookolewa mara nyingi hupandisha idadi ya pointi zinazohitajika kwa safari ileile.

Nikilazimika kuiandikia kamusi, nitaweka hivi. Pointi za safari: ahadi ya huduma isiyo na dhamana, inayotolewa na shirika la ndege au mshirika wake kwa msafiri kulingana na safari au matumizi yake, ambayo masharti na thamani yake hubadilishwa na mtoaji. Ahadi ndilo neno la kulishika. Zawadi halifai, kwa maana bei yake imo ndani ya nauli. Akiba nimekwisha kulikataa. Nawaomba wenzangu tunaoajiriwa kutafsiri masharti ya benki na mashirika ya ndege tuliandike neno ahadi katika mstari wa kwanza, kwa herufi za ukubwa uleule wa neno pointi, ili mwenye kadi ajue ameshika nini kabla hajaanza kulimbikiza.

Binamu alimkatia mama yake tiketi ya Unguja kwenda Maskati na kurudi, ya mwezi huohuo, na yeye mwenyewe akakata ya kumsindikiza mama nyumbani na kugeuza. Mama alikaa Maskati siku kumi na mbili. Katika kadi yake ya uanachama zimebaki pointi 400 na kitu, na hizo ameziacha.