Mkataa Kwao na Mkataliwa Kwao: Walimu Wawili wa Kiswahili na Marejeo ya Dar es Salaam

Ziko methali mbili ambazo hutajwa kila yanapozungumzwa mambo ya mtu aliyekaa ugenini miaka mingi. Ya kwanza husema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ya pili, iliyo kali zaidi, husema kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Asili zake ni mbalimbali, kwani ya kwanza ni ya mabaharia na ya pili ni ya watu wa ukoo. Walakini zote mbili zaafikiana katika jambo moja, nalo ni kumhesabu msafiri kuwa ndiye mwenye hiari. Akitaka atarudi, asiporudi, amekataa. Historia ya mji wa Dar es Salaam yatoa habari za watu ambao hukumu hii haiwaenei. Miongoni mwao wamo wawili waliofundisha Kiswahili mjini Berlin: Mtoro bin Mwinyi Bakari, na Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana huko Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Wote wawili walifia Ujerumani. Kwa hiyo yafaa kuuliza ni nani hasa aliyeamua kwamba wasirudi.

Mtoro alikuwa mtu wa Dunda, katika nchi iliyo nyuma ya Bagamoyo, na asili yake ni ya Kizaramo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kuwa mwalimu msaidizi katika Chuo cha Lugha za Mashariki, kilichofunguliwa mwaka 1887 ili kuwatayarisha maofisa, wafanya biashara na wamisionari waliokusudia kwenda ng'ambo. Kazi hiyo walikwisha kuifanya Waswahili wengine kabla yake. Amur bin Nasur wa Unguja, mathalan, alifundisha huko tangu mwaka 1891 hata mwaka 1895, kisha akarudi kwao. Desturi ya kazi ilikuwa ndiyo hiyo: mtu huitwa kwa ajili ya ulimi wake, hutumikia miaka michache, mkataba wake ukaisha, akapanda meli. Marejeo yalihesabiwa tangu siku ya kuondoka, wala hapakuwa na haja ya kuyafikiri.

Katika miaka ile Mtoro aliandika mengi. Habari za safari yake ya Udoe na Uzigua zimo katika kitabu cha Safari za Wasuaheli, kilichochapwa Göttingen mwaka 1901, na sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kilichofuata mwaka 1903, ni kazi ya mkono wake. Katika vitabu vyote viwili jina lililotangulizwa ni la Carl Velten, mwalimu wa Kijerumani aliyezikusanya na kuzitengeneza habari hizo. Ilipofika mwaka 1981, tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na J. W. T. Allen ndiyo iliyomrudishia Mtoro jina lake mbele ya kitabu.

Wataalamu wa lugha wamezoea kukisoma kitabu cha Desturi kama hazina ya mambo ya pwani: uzazi, malezi, arusi, matanga, ngoma, uganga, na heshima za majumbe. Hapana ubaya katika kusoma hivyo. Lakini aghalabu husahauliwa kwamba aliyeyaandika mengi ya mambo hayo alikuwa mbali na watu aliowaeleza. Aliandika kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata kukaa katika baraza moja ya Bagamoyo, na kwa sababu hiyo alilazimika kueleza hata mambo ambayo kwao hayahitaji kuelezwa. Namna ya kusimulia desturi nayo haitaji tarehe. Husema watu hufanya nini, bila kusema walifanya lini. Kwa hiyo pwani iliyomo kitabuni imesimama mahali pamoja, ilhali pwani yenyewe ilikuwa ikienda mbio. Makao makuu ya Serikali ya Kijerumani yalikwisha kuhamishwa kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam tangu mwaka 1891, na mji mpya ulikuwa ukijengwa kwa kanuni ambazo majumbe wa zamani hawakuzijua.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani aitwaye Bertha Hilske. Ndoa hiyo ilikuwa halali kwa sheria ya Ujerumani. Mambo yake katika chuo yaliharibika, akaacha kazi, na mwaka 1905 akafunga safari ya kurudi Afrika ya Mashariki pamoja na mkewe. Katika hatua hii ndipo maana ya methali inapojaribiwa. Huyu hakuwa mtu aliyekataa kwao. Alikuwa ameacha mshahara na mji mkubwa, amelipa nauli, amechukua mke wake, na amevuka bahari. Yote yanayomlazimu msafiri kuyafanya ili arudi, yeye aliyafanya.

Zuio lilitoka upande wa pili. Serikali ya koloni, wakati huo chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, haikuwaruhusu mume na mke hao kushuka na kukaa katika nchi. Sababu haikuwa asili ya mume, kwani kwao palikuwa papo hapo, mwendo mfupi kutoka bandarini. Sababu ilikuwa ni ndoa. Ilionekana kwamba mwanamke wa Kizungu akiishi na mume Mwafrika mbele ya macho ya watu wote, heshima ya watawala itaanguka. Mwaka uliofuata, 1906, ndoa za namna hiyo zikapigwa marufuku katika koloni zima.

Ili kuufahamu uzito wa jambo hili, hapana budi kuutazama mji wenyewe. Dar es Salaam ya Wajerumani iligawanywa kwa namna ya majengo, na chini ya namna ya majengo ulikuwamo ugawanyaji wa watu. Upande wa mashariki, karibu na mlango wa bandari, yalikaa majumba ya Wazungu na ofisi za Serikali. Katikati palikuwa na maduka na nyumba za Wahindi. Na upande wa magharibi ndiko zilikokuwa nyumba za udongo na makuti za Waafrika. Wenyeji waliziita sehemu hizo Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na majina hayo yaonyesha kwamba walifahamu vema nia ya kanuni hizo. Je, mwalimu Mwafrika na mke wake wa Kijerumani wangepanga nyumba wapi? Uzunguni mume hangekubaliwa ila kwa utumishi. Uswahilini Serikali isingevumilia kumwona mke. Katika ramani ya mji hapakuwa na chumba kimoja kilichowafaa wote wawili.

Yaweza kusemwa kwamba hata hivyo njia moja ilikuwa imebaki, nayo ni mume kushuka peke yake na kumwacha mke arudi kwa watu wake. Hoja hii ina nguvu, kwa kuwa yaonyesha kwamba hiari haikuondoka kabisa. Lakini yaonyesha pia ilikuwa hiari ya namna gani. Mtoro alitakiwa kuchagua baina ya kwao na nyumba yake, na mtu awekwaye mbele ya uchaguzi wa namna hii hatakuwa amerudi kwa maana kamili hata akishuka. Mkewe hakumwacha. Walirudi Ujerumani pamoja. Baadaye alifundisha pia Hamburg, katika Chuo cha Makoloni kilichofunguliwa mwaka 1908, na akajitafutia riziki kwa kutoa hotuba juu ya nchi aliyozuiliwa kukaa. Alikufa Berlin mwaka 1927.

Mwalimu wa pili alizaliwa mjini Dar es Salaam penyewe, tarehe 22 Februari 1904, yaani mwaka ule ule wa ndoa ya Mtoro. Baba yake alikuwa askari wa asili ya Kisudani katika jeshi la Kijerumani, na Vita Kuu ya mwaka 1914 ilipoanza, mtoto naye aliingia jeshini angali mdogo. Baada ya vita alifanya kazi ya utumishi katika meli, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai mishahara ya vita ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Wizara ya Mambo ya Nje ilijibu kwamba madai yamechelewa. Husen akabaki. Alikuwa mtumishi wa mezani katika nyumba ya starehe ya Haus Vaterland, akawafundisha Kiswahili wanafunzi wa Berlin, akaonekana katika filamu zilizosifu makoloni yaliyokwisha kupotea. Mwezi wa Januari 1933 alimwoa Maria Schwandner, siku chache kabla ya Hitler kushika madaraka.

Maisha ya Husen hayana siku moja ya kuamua, kama ile ya Mtoro. Yana miaka kumi na miwili ambayo kila mmoja ulizidi kumfunga: deni lisilolipwa, kazi ya chuo, mke, watoto, kisha sheria za ubaguzi, na mwisho vita mpya. Wengi wakaao ugenini huishi hivyo. Hawasemi kwamba hawatarudi; husema watarudi jambo fulani likiisha, na jambo hilo huzaa lingine. Mwaka 1941 alikamatwa kwa tuhuma ya kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, tendo ambalo Wanazi walilihesabu kuwa ni kuuchafua ukoo wao, akapelekwa katika kambi ya Sachsenhausen. Akafa humo tarehe 24 Novemba 1944. Tangu mwaka 2007 jiwe dogo la ukumbusho lenye jina lake limewekwa katika njia ya Berlin, mbele ya mahali alipokuwa akikaa. Fikira iliyomfungia Mtoro bandari ya Dar es Salaam mwaka 1905, kwamba damu za watu hazipasi kuonekana pamoja, ilikuwa jamaa ya karibu ya fikira iliyomwua Husen ng'ambo ya pili.

Wakati hayo yakitokea Berlin, mji aliouacha Husen ulikuwa ukijazwa na watu walioulizwa swali lile lile kwa upande mwingine. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, waliweka wapagazi wa jeshi lao magharibi ya mji, mahali ambapo Wajerumani walikwisha kujenga jengo kubwa kabla ya vita. Jina la kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza liligeuzwa ulimini mwa watu likawa Kariakoo. Huko Nairobi jina hilo hilo lilipata umbo la Kariokor. Wapagazi walikuwa wametolewa katika nchi nyingi, na wengi walikufa. Baada ya vita wako waliorudi kwao na wako waliobaki mjini. Mwaka 1923 jengo lile likafanywa soko, na mitaa iliyolizunguka ikawa mtaa mkuu wa Waafrika, ikitengwa na Uhindini kwa uwanja wa Mnazi Mmoja.

Majina ya mitaa ya Kariakoo yastahili kusomwa na mwanachuoni kama yanavyosomwa maandiko: Kongo, Nyamwezi, Pemba, Mafia, Lindi. Mengi ni majina ya nchi ambazo watu huzitaja kuwa kwao. Wamanyema, ambao asili yao ni ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, walijenga na kupangisha nyumba humo. Kleist Sykes, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894, alikuwa mtoto wa Mzulu aliyeletwa kutoka Msumbiji na jeshi la Wissmann. Kama Husen, alikuwa mtoto wa askari, na kama Husen alipigana upande wa Wajerumani. Lakini mwaka 1929, Husen alipokuwa akidai haki yake Berlin, Kleist alikuwa miongoni mwa walioanzisha African Association mjini Dar es Salaam. Nyumba ya chama hicho ilikuwa Kariakoo, katika mtaa ambao baadaye uliitwa Lumumba, na humo ndimo TANU ilimoundwa tarehe 7 Julai 1954. Ni vigumu kumwita mtumwa mtu asiyerudi Msumbiji, nchi ya baba yake, akaja kuwa mmoja wa waliojenga kwao kupya kwa watu wote.

Kwa hiyo marejeo yahitaji idhini ya watatu. Wa kwanza ni msafiri mwenyewe. Wa pili ni watu wa kwao, ambao kila mwaka upitao huzoea kukaa bila yeye. Wa tatu ni mwenye bandari, naye kwa kawaida hatajwi katika methali. Mabaharia waliotunga methali ya tezi na omo waliishi katika chombo kimoja, na ndani ya chombo hakuna mlinzi asimamaye mlangoni pa ngama. Bandari ya mwaka 1905 ilikuwa na mlinzi.

Katika lugha yenyewe neno lipo tayari, kwani kitenzi kataa chakubali kauli ya kutendwa: ikiwa yuko mkataa kwao, yuko pia mkataliwa kwao. Aisomaye tena sura ya arusi katika Desturi za Wasuaheli, pamoja na maelezo yake marefu ya posa, mahari na kumtia mke nyumbani, yampasa akumbuke kwamba mwandishi mkuu wa kitabu hicho, mwaka mmoja baada ya kuchapwa kwake, alioa mke ambaye hakuruhusiwa kumfikisha kwao.