Ubingwa wa Kanda katika Mieleka ya Kulipwa

Ubingwa wa kanda ni taji la mieleka ya kulipwa linalotambuliwa ndani ya eneo la biashara la promota mmoja. Hauna uhusiano na mieleka ya Olimpiki. Katika mieleka ya kulipwa matokeo hupangwa kabla wapambanaji hawajapanda ulingoni, na promota humvisha mkanda yule anayetarajiwa kujaza ukumbi.

Neno kanda linafaa hapa kuliko mkoa au jimbo. Mkoa una mipaka iliyowekwa na serikali, ilhali kanda, kama Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, hukusanya mikoa kadhaa kwa mazoea na kwa urahisi wa kazi. Kwa kuwa kanda ni wingi wa ukanda pia, ni vyema mkanda libaki jina la kile kinachofungwa kiunoni, na kanda liwe la eneo. "Mkanda wa kanda" ni sahihi kisarufi, lakini masikioni ni kero.

Mfumo wenyewe ulikomaa Marekani baada ya mapromota kuunda muungano wa NWA huko Waterloo, Iowa, mwaka 1948. Walikubaliana kumtambua bingwa mmoja wa dunia na kutoingiliana maeneo. Bingwa huyo alizunguka nchi nzima, hivyo kila kanda ilimwona kwa nadra. Siku nyingine zote biashara ilibebwa na bingwa wa kanda. Uhasama wake na wapinzani ulikuzwa kwa miezi, naye ndiye aliyekuwa mpinzani halali bingwa wa dunia alipofika. Muda wake ukiisha alishindwa, akahamia kanda nyingine.

Majina ya mataji hayo yanaweza kumpotosha msomaji. Mfano mzuri ni ubingwa wa Marekani wa kampuni ya Jim Crockett yenye makao Charlotte, ambayo eneo lake lilikuwa hasa Carolina mbili na Virginia. Detroit na San Francisco nazo zilikuwa na mabingwa wao wa Marekani, kila mmoja akitambuliwa kwao. Jina lilikuwa la nchi nzima. Mamlaka yalikuwa ya kanda.

Bingwa wa kwanza wa taji la Crockett, mwaka 1975, alikuwa Harley Race. Julai mwaka huohuo Johnny Valentine alimvua. Tarehe 4 Oktoba ndege ndogo iliyowabeba wanamieleka ilianguka karibu na Wilmington, Carolina Kaskazini. Valentine alivunjika mgongo na hakupigana tena. Kijana mmoja aliyekuwa naye ndani ya ndege, Ric Flair, alivunjika mgongo pia, akapona, na baadaye akaushika ubingwa huo mara sita. Hapa ndipo mpango wa promota ulipozidiwa na ajali ya kweli: taji likabaki wazi, mashindano yakaandaliwa Novemba, na Terry Funk akatawazwa. Wiki chache baadaye alivuliwa na Paul Jones.

Kilichoua ubingwa wa kanda ni televisheni ya kebo. Mtazamaji alipoweza kuona mieleka ya mbali akiwa sebuleni, makubaliano ya kutoingiliana yalikosa maana, na kampuni ya WWF ikaanza kuvamia maeneo ya wengine katika miaka ya 1980. Mataji mengi yalikufa pamoja na mapromota wake. La Crockett lilinusurika kwa kuuzwa: mmiliki wa televisheni ya kebo, Ted Turner, aliinunua kampuni mwaka 1988, ikawa WCW, nayo WCW ikanunuliwa na WWF Machi 2001. Novemba mwaka huo taji liliunganishwa na taji la WWF la Mabara, likafufuliwa Julai 2003 kwa ushindi wa Eddie Guerrero.

Kwa hiyo kigezo cha kuliita taji la kanda ni mipaka ya soko la mmiliki wake, si jina lililochongwa kwenye mkanda. Kwa kigezo hicho, ubingwa wa Marekani ulikuwa wa kanda mwaka 1975, na leo sio tena: Aprili 2018 Jeff Hardy aliutetea Jeddah, Saudi Arabia.