Kujifunza namna ya kusoma: je, liwe somo la lazima kwa mwaka wa kwanza wa iniversite?



Hapa Likasi, mutoto akipata diploma ya serikali, jamaa yote inakaa chini kuzungumuza. Mama anatoa faida ya soko, mujomba anaongeza kidogo, wengine wanauza hata kiwanja. Wanalipa minervali. Kama mutoto anatoka Kambove ao Lubudi, wanamutafutia chumba. Wanamununulia kaye na kalkilatrisi. Kisha wanamwambia: «Usome muzuri, sisi wote tunakuangalia weye.»

Lakini «kusoma muzuri» ni kufanya nini? Kila mutu analisema neno hilo, wachache tu wanalieleza. Mwaka unaisha, matokeo yanabandikwa ukutani, mutoto ameanguka. Wanasema ni muvivu, ni pombe, ao kuna mutu wa jamaa anamufungia njia. Uvivu upo, hatukatae. Lakini kuna pia wale wenye kukesha na note zao mpaka saa nane za usiku, na wanaanguka vile vile. Hawa hawakukosa bidii. Walikosa mutu wa kuwaonyesha namna ya kufanya.

Ndiyo maana swali linakuja: je, iniversite zilazimishe kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza afuate somo la kujifunza namna ya kusoma? Kwa muji kama Likasi, wenye Iniversite ya Likasi (UNILI) na ISPT, swali hili linagusa nyumba nyingi.

Shimo kati ya sekondari na iniversite

Tuanze na Exetat. Katika session ordinaire, mwanafunzi anapewa swali na majibu kadhaa chini yake, anachagua moja. Dissertation iko pembeni, katika hors-session. Kwa hiyo miezi mingi ya mwisho ya sekondari inapita katika kuzoea kuchagua jibu lenye limekwisha kuandikwa na mutu mwingine.

Miezi michache kisha, huyo mutoto anaingia mu oditwari yenye watu wengi. Profesa anasema masaa mawili, matatu. Hakuna mutu anaandika résumé kwenye tablo kama kwa sekondari. Ni mwanafunzi mwenyewe atajua lipi ni la maana na lipi ni mufano tu. Siku ya mutihani, karatasi ni nyeupe: «Eleza», «Linganisha», «Onyesha kwa nini». Hakuna jibu la kuchagua.

Ongeza luga. Nyumbani, sokoni Kikula, ndani ya taksi, tunaongea Kiswahili. Iniversite ni Kifaransa tupu. Wengi wanaandika kila neno la profesa kwa sababu wanaogopa kupoteza moja. Mukono unakimbia, kichwa kinabaki nyuma. Jioni wanafungua kaye na kukuta kurasa kumi zenye hawaelewe. Hapo wanaanza kukariri.

LMD inaomba nini?

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, nchi yetu iliingiza mufumo wa LMD (Licence, Master, Doctorat) kuanzia mwaka wa kwanza. Zamani ilikuwa miaka 3 ya graduat na 2 ya licence. Sasa licence ni miaka 3, na kila mwaka una kredi 60.

Wazazi wengi hawajue hesabu iliyo ndani ya kredi. Kwa kawaida, kredi moja inahesabiwa masaa 25: masaa 15 mwanafunzi yuko mbele ya mwalimu, na masaa 10 anafanya kazi mwenyewe. Kredi 60 kwa mwaka ni sawa na masaa 1500. Ndani yake, masaa 600 ni ya mwanafunzi peke yake. Tukigawanya kwa majuma 30 ya masomo, inakuwa masaa 20 kila juma.

Masaa 20 kila juma, bila mwalimu. Karibu nusu ya kazi yote ya mwaka imewekwa mikononi mwa kijana wa miaka 18 ao 19, katika muji wenye umeme unakatikaka bila kuuliza mutu. Nani alimufundisha kutumia masaa hayo? Programu inayahesabu, lakini mara nyingi hakuna mutu anayeyaeleza.

Je, hakuna somo kama hilo tayari?

Yapo yanayokaribia. Iniversite zetu zimekuwa na somo la lojiki na la kusema na kuandika Kifaransa kwa mwaka wa kwanza, pia somo la kuanza utafiti wa kisayansi. La kwanza linasahihisha luga. La pili linaonyesha namna ya kuandika kazi ya utafiti. Namna ya kuchukua note, kupanga juma, kusoma kitabu kinene ao kujitayarisha kwa mutihani, mara nyingi inabaki nje.

Wazo lenyewe si jipya nchini. Wakati iniversite Lovanium ilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954, kulikuwa kipindi cha maandalio kwa wanafunzi mbele ya kuanza masomo yenyewe. Na wenye kusoma polytechnique wanakumbuka mwaka wa «prépo». Wakubwa wetu walielewa kwamba kati ya sekondari na iniversite kunaombwa daraja.

Wengine walifanya nini?

Kwa majirani wetu wa Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha mwishoni mwa miaka ya 1970 kitengo cha kufundisha wanafunzi wapya kusoma, kuandika na kuchukua note katika Kiingereza cha chuo. Sababu inafanana na yetu: mutoto anatoka kwenye Kiswahili, anaingia katika luga nyingine. Kenya pia, vyuo kama Kenyatta na Nairobi vimeweka somo la namna hiyo kati ya yale yanayofuatwa na wanafunzi wa masomo yote.

Marekani, iniversite ya South Carolina ilianzisha somo la mwaka wa kwanza mwaka 1972, kisha wanafunzi kufanya fujo kubwa mu kampusi mwaka 1970. Somo hilo limeigwa na vyuo vingi. Lakini pale lilipozaliwa, wanafunzi wengi wanalichagua wenyewe, hawalazimishwe.

Sayansi inasema nini juu ya kusoma?

Mwaka 1885, Mujerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha, kwa kujipima mwenyewe, kwamba tunasahau haraka sana siku za kwanza, na kwamba kurudilia kwa vipindi kunasaidia kushika.

Mwaka 2006, Wamarekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walipima wanafunzi. Andiko moja walilisoma mara mbili. Andiko lingine walilisoma mara moja, kisha wakafunika karatasi na kuandika yote yenye wanakumbuka. Kisha dakika tano, kusoma mara mbili kulikuwa mbele. Kisha juma moja, andiko lenye walisoma mara mbili walilikumbuka karibu 42%, na lile lenye walijipima wenyewe karibu 56%.

Mwaka 2013, John Dunlosky na wenzake walichunguza njia kumi za kusoma. Mbili zilipita zingine zote: kujiuliza maswali, na kugawanya kazi kwa siku nyingi. Kurudilia kusoma tu na kupiga mistari ya rangi zilikuwa kati ya zile za chini. Na hizo ndizo wanafunzi wengi wanazipenda! Wazee walikwisha kusema: haba na haba hujaza kibaba.

Wenye kukataa wanasema nini?

Wana sababu zao, na tuziheshimu. Programu imejaa tayari. Somo jipya linaomba mwalimu, na walimu ni wachache. Kwa wanafunzi, somo jipya linaweza kuwa silabusi mupya ya kununua na pointi mupya za kukimbilia. Na hapo, namna ya kusoma itakuwa nayo kitu cha kukariri: «Taja sehemu tano za note nzuri.» Mutoto atapata 14 kwa 20, halafu ataendelea kusoma kama zamani.

Watafiti pia wameona hatari hiyo. Mwaka 1996, John Hattie, John Biggs na Nola Purdie walikusanya tafiti 51 na kuona kwamba mafundisho haya yanafaa zaidi yakifanyika ndani ya somo lenyewe lenye mwanafunzi analisoma. Mwaka 2006, Ursula Wingate wa London aliandika kwamba kuyatenga pembeni ni kosa, kwa sababu kusoma historia si sawa na kusoma kemia.

Sisi watu wa Likasi tunaweza kuelewa hilo bila kwenda London. Katika ateliers za Panda, fundi hakujifunza kulima kwenye karatasi. Alisimama pembeni ya fundi mukubwa, mbele ya mashine, lima mukononi, na mukubwa akamwambia: «Hapana, shika hivi.»

Basi, iwe lazima ao hapana?

Tukipima yote, jibu letu ni hili: lazima iwe juu ya iniversite kufundisha namna ya kusoma, isiwe juu ya mwanafunzi kununua silabusi ingine. Juma nne za kwanza, katika masomo mawili ao matatu makubwa ya mwaka wa kwanza, profesa ao asistanti atoe saa moja. Siku moja aonyeshe note zake mwenyewe za somo hilo. Siku ingine atoe swali la mutihani wa zamani, wote wajaribu kulijibu, alisahihishe mbele yao. Na aruhusu wanafunzi waelezane kwa Kiswahili, mbele ya kuandika kwa Kifaransa. Mutu akishaelewa jambo katika luga yake, maneno ya Kifaransa yanapata pa kukaa.

Hii haiombe jengo wala sheria mupya. Inaomba mapatano kati ya walimu wa idara moja.

Wakati tunangojea

Mwanafunzi, unaweza kuanza juma hili:
– Jioni ile ile ya somo, funika kaye na uandike mambo matano yenye unakumbuka. Kisha fungua, uone ulichosahau.
– Rudilia somo hilo kisha siku mbili, kisha juma moja. Dakika 20 zinatosha.
– Elezea mwenzako kwa Kiswahili. Ukishindwa kueleza, haujaelewa.
– Tumia mwangaza wa muchana kwa kusoma, usingojee umeme wa usiku.

Na weye muzazi, usiulize tu «Umelipa?» ao «Umepata ngapi?» Muulize: «Leo umejifunza nini? Nieleze.» Hata kama haukusoma iniversite, sikiliza. Akiweza kukueleza weye ukaelewa, pesa ya jamaa inafanya kazi. Akishindwa, mumejua mapema, mbele matokeo hayajabandikwa ukutani.