Lugha haikuzwi kwa amri tu: Funzo la Denmark ya 1864

Mara si haba nimeutumia ukumbi huu kuishinikiza serikali itoe amri: Kiswahili kitumiwe afisini, kitumiwe bungeni, kitahiniwe kila mahali. Siyakani madai hayo. Hata hivyo, kadiri ninavyoisoma historia ya Denmark, hasa mwaka wa 1864, ndivyo ninavyozidi kujiuliza: je, amri ina uwezo gani hasa juu ya ulimi wa mtu?

Kati ya Denmark na Ujerumani palikuwa na jimbo la Schleswig, lililotawaliwa na mfalme wa Denmark. Wakazi wengi wa kaskazini walizungumza Kidenmark, wa kusini Kijerumani, na katikati lugha hizo zilichanganyikana. Mnamo 1842, mfanyabiashara Peter Hiort Lorenzen alisimama katika baraza la jimbo, ambako Kijerumani ndicho kilichozoeleka, akahutubu kwa Kidenmark. Zogo lilizuka, naye akaendelea vivyo hivyo. Miaka miwili baadaye, wapenzi wa lugha hiyo walifungua shule ya umma ya watu wazima mjini Rødding. Hakuna aliyewaamuru.

Vita vikazuka 1848. Vilipomalizika, Denmark ikiwa bado inalishikilia jimbo, serikali ilitoa amri mnamo 1851: katika vijiji vya Schleswig ya kati, masomo yawe kwa Kidenmark, na ibada zifanywe kwa zamu, mara Kidenmark mara Kijerumani. Hoja ilikuwa kwamba wazee wa huko walizungumza Kidenmark, basi wajukuu warejeshwe kwenye asili yao. Wapi! Wazazi wengi walikuwa wamekwisha kuhamia Kijerumani kwa hiari yao. Walichokiona si asili, bali mkono wa serikali ukiingia hadi kanisani. Chuki ikamea.

Mnamo Novemba 1863, Denmark ilipitisha katiba ya kuiunganisha Schleswig nayo kwa karibu zaidi, kinyume cha ahadi ilizokuwa imeyapa mataifa makubwa. Bismarck wa Prussia alipata kisingizio alichokitaka. Tarehe 1 Februari 1864, majeshi ya Prussia na Austria yalivuka mto Eider. Tarehe 18 Aprili, ngome za Dybbøl zikaanguka. Katika mkutano wa amani jijini London palipendekezwa jimbo ligawanywe, lakini pande hizo hazikuafikiana kuhusu mpaka. Vita vikarejea, na kwa mkataba wa Oktoba 30, Denmark ikapoteza Schleswig, Holstein na Lauenburg. Idadi ya watu wake ilishuka kutoka takriban milioni 2.6 hadi milioni 1.6. Miongoni mwa waliopotea mlikuwa na wazungumzaji wa Kidenmark wapatao 200,000.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sasa ikawa zamu ya Prussia kutoa amri. Mnamo 1888, Kijerumani kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za Schleswig ya kaskazini, isipokuwa baadhi ya vipindi vya dini. Kwa mantiki ya amri, Kidenmark kingekufa katika kizazi kimoja au viwili.

Hakikufa. Tangu 1880, wenyeji walikuwa na chama cha kuhifadhi lugha yao, kilichosambaza vitabu na kufungua maktaba. Mnamo 1892 wakaunda kingine cha kuwasaidia vijana kwenda kusoma Denmark. Walimu wa Rødding nao walikuwa wamehamia Askov, ng'ambo ya mpaka mpya, wakaendelea kufundisha.

Hukumu ilitolewa na wananchi wenyewe mwaka wa 1920, walipopiga kura ya kuchagua nchi. Kaskazini, baada ya zaidi ya nusu karne chini ya Ujerumani, takriban asilimia 75 walichagua Denmark. Katika ukanda wa pili, uliojumuisha mji wa Flensburg na baadhi ya vijiji vilivyowahi kuwekewa amri ya 1851, takriban asilimia 80 walichagua Ujerumani. Amri zote mbili zilishindwa, kila moja mahali pake.

Leo kuna shule za Kidenmark upande wa Ujerumani na za Kijerumani upande wa Denmark. Mzazi huchagua mwenyewe.

Sisemi kwamba sera ya lugha ni bure. Amri inaweza kukifungulia Kiswahili mlango wa afisi, ikaajiri walimu na kununua vitabu. Isichoweza ni kumfanya mtu aipende lugha anayohisi amefungwa nayo. Kwa hiyo nitakapoidai amri tena hapa, sharti kwanza nijiulize: chama chetu cha vitabu kiko wapi, na Rødding yetu ni ipi?