Wells, Ida Bell (1862–1931)

Mwandishi wa habari za uchunguzi wa Marekani, aliyezaliwa utumwani mjini Holly Springs, Mississippi. Wasifu wake mwingi huanza na ujasiri. Mafanikio yake makubwa, hata hivyo, yamo katika namna alivyokusanya ushahidi. Machi 1892 wafanyabiashara watatu Weusi wa Memphis, mmoja wao rafiki yake Thomas Moss, walitolewa jela usiku na genge la wazungu, wakapigwa risasi. Duka lao lilikuwa limemnyang'anya wateja mzungu mwenye duka jirani. Mauaji ya aina hiyo kwa kawaida yalitetewa kwa hoja kwamba waliouawa walibaka wanawake wa kizungu, lakini Moss na wenzake hawakutuhumiwa hivyo hata kidogo. Wells akaanza kuichunguza hoja yenyewe, kifo kwa kifo. Tahariri yake ya Mei katika Free Speech, gazeti alilokuwa na hisa ndani yake, iliwaghadhabisha wazungu wa mji. Ofisi ilivamiwa na kuharibiwa akiwa safarini, na hakurudi tena kuishi Memphis.

Matokeo ya uchunguzi huo yamo katika vijitabu Southern Horrors (1892) na A Red Record (1895). Takwimu alizichukua katika Chicago Tribune, gazeti la wazungu lililokuwa likichapisha hesabu ya waliouawa kila mwaka. Alifanya hivyo kwa makusudi, ili msomaji wa kizungu asipate pa kumwitia mwongo. Katika A Red Record majina yamepangwa chini ya tuhuma: mauaji, uchomaji moto, wizi, na wengine wasio na kosa lolote. Katika watu Weusi 728 waliouawa ndani ya miaka minane, ni theluthi moja tu waliotuhumiwa ubakaji. Na kutuhumiwa si kuthibitishwa, jambo ambalo Wells alilisisitiza bila kuchoka.

Wako wanaosema alikuwa mwanaharakati mwenye msiba, hivyo hakufaa kuitwa mwandishi wa habari. Msiba ulimsukuma, ni kweli, lakini hesabu hazikuwa zake. Yeyote angeweza kufungua gazeti lile na kuhesabu upya. Pingamizi zito zaidi ni kwamba alikufa bila kuona sheria ya shirikisho dhidi ya mauaji hayo, iliyopatikana 2022 tu. Kumpima kwa kura za Bunge ni kumtwika deni la wanasiasa. Kazi yake ilikuwa kuuvunja uongo, na matunda yake yanaonekana vizuri Arkansas, ambako wakulima Weusi 12 walihukumiwa kifo baada ya umwagaji damu wa mjini Elaine mwaka 1919. Wells aliingia gerezani Little Rock pamoja na wake na mama zao, askari wakidhani ni ndugu wa wafungwa, akawahoji. Kesi ilipiganwa na mawakili, akiwemo Scipio Africanus Jones, na sifa ya kuwaokoa wafungwa ni yao kwanza; hakuna aliyenyongwa. Lakini kijitabu cha Wells cha 1920 kilionyesha chanzo cha mkasa: wakulima waliungana kudai bei ya haki ya pamba yao, na humo aliorodhesha ekari walizolima, pamba na mifugo waliyopoteza, mtu mmoja mmoja.