Suzuki, kisha Yamaha, halafu nini? Historia ya supabaiki kwa mnunuzi wa Muthetheni

Leo naweka kando hifadhidata na lugha za programu, tuongee kuhusu pikipiki. Lakini msinikimbie, maana kabla hatujafika katikati ya safari tutajikuta tumerudi kwenye kompyuta.

Swali lenyewe ni hili. Mtu alikuwa na Suzuki GSX-R750 ya mwaka 1996. Akaiuza, akachukua mpinzani wake, Yamaha R1 ya 1998. Sasa amejikusanyia pesa za kununua ya tatu, tena mpya kabisa. Kazi yake iko Nairobi, na nyumbani kwao ni Muthetheni, katika eneo bunge la Mwala, kaunti ya Machakos. Achukue ipi? Ninaye jamaa aliye katika hali hiyo, na kila anayemwomba ushauri humtajia nguvu za farasi, kasi na rangi.

Mimi nimejaribu kulijibu swali hili kwa njia ya historia. Ukiitazama historia ya mashine hizi, utaona kwamba jamaa huyu habadilishi kampuni tu. Pikipiki zake mbili za kwanza zilikuwa na kabureta nne kila moja. Ya tatu itakuwa kompyuta yenye magurudumu mawili, na hilo linabadilisha swali lote.

Vita vilivyoanza na Honda

Neno supabaiki lilipata umaarufu baada ya Honda kuonyesha CB750 mjini Tokyo mwaka 1968 na kuanza kuiuza 1969. Ilikuwa na silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, cc 736, breki ya diski mbele na kitufe cha kuwashia injini. Leo hayo ni mambo ya kawaida, ila wakati ule pikipiki nyingi kubwa za Uingereza zilikuwa na silinda mbili na ziliwashwa kwa kupigwa teke.

Kawasaki nao walikuwa wakitengeneza 750 yao kisirisiri, wakajikuta wametanguliwa. Badala ya kutoa kitu kinachofanana na cha jirani, walirudi kwenye michoro, wakaongeza injini hadi cc 903, na mwaka 1972 wakatoa Z1. Huo ndio ukawa mchezo wa miaka mingi iliyofuata: mmoja anatoa, mwenzake anaipima, anatoa iliyo kubwa zaidi.

Suzuki ndio waliobadilisha mchezo. Mwaka 1985 walileta GSX-R750 yenye fremu ya alumini na uzito wa kilo 176 ikiwa bila mafuta, wakati ambapo wengi walikuwa wakishindana kwa ukubwa wa injini. Hesabu ni rahisi: ukipunguza uzito, pikipiki inaondoka haraka zaidi, inakata kona vizuri zaidi, na pia inasimama mapema zaidi.

Mhandisi wa Honda, Tadao Baba, aliichukua hesabu hiyo akaenda nayo mbele. CBR900RR yake ya mwaka 1992 ilikuwa na cc 893 lakini uzito wake ulikuwa karibu sawa na ule wa 600 ya Honda. Kisha Yamaha, chini ya mhandisi Kunihiko Miwa, wakatoa R1 mwaka 1998. Miwa aliipanga shafti moja ya gia juu ya nyingine ili injini iwe fupi. Matokeo yake: cc 998, nguvu za farasi 150, kilo 177. Tazama namba hiyo vizuri. R1 ilikuwa nyepesi kuliko hata GSX-R750 ya 1996, iliyokuwa na kilo 179. Ndiyo maana jamaa yetu aliiuza Suzuki yake, na sikumlaumu.

Siku programu ilipoingia

Mwaka 1999 Suzuki walijibu kwa Hayabusa, jina la Kijapani la ndege aina ya kozi. Kozi huwala ndege wadogo, na Honda walikuwa na pikipiki iliyoitwa Blackbird, kwa hiyo utani ulieleweka na wote. Hayabusa ilipita kilomita 300 kwa saa. Huko Ulaya kukazuka hofu kwamba serikali zingepiga marufuku mashine hizi, na watengenezaji wakaelewana wenyewe kwa wenyewe, bila sheria yoyote, kwamba pikipiki zao zisizidi takriban 299.

Sasa wewe mwenzangu unayeandika programu, jiulize: waliizuiaje? Injini haikupunguzwa. Kompyuta ya injini ndiyo iliyoambiwa, ukifika hapa, usiongeze. Ni mistari michache tu ya msimbo. Kwa maoni yangu hapo ndipo zama mpya zilipoanza, maana kwa mara ya kwanza mwendeshaji wa kawaida aligundua kwamba kati ya mkono wake na gurudumu la nyuma yuko mtu wa tatu, aliyeandika programu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. GSX-R1000 ya 2001 ilikuja bila kabureta, mafuta yakipulizwa na injekta. R1 ikafuata 2002. Mwaka 2009 BMW wa Ujerumani, ambao watu waliwajua kwa pikipiki za safari ndefu, walizindua S1000RR, yenye nguvu za farasi 193, breki za ABS na mfumo wa kuzuia gurudumu la nyuma lisiteleze. Wajapani wakashtuka. Mwaka 2015 Yamaha wakatoa R1 mpya yenye kifaa kidogo chenye vipimo sita: vitatu vya kuongezeka au kupungua kwa mwendo, na vitatu vya kuzunguka. Kwa vipimo hivyo kompyuta inajua pikipiki imelala kwa nyuzi ngapi, na inapiga hesabu mara 125 kila sekunde.

Tuifanye hesabu hiyo ieleweke. Ukienda kilomita 110 kwa saa, unapita mita 30 na nusu kila sekunde. Gawanya kwa 125, utapata sentimita 24. Kila unapopita urefu wa unyayo wa mtu mzima, kompyuta imeshaamua kama gurudumu linateleza na kama mafuta yapunguzwe. Hakuna binadamu anayeweza kufanya hivyo.

Na Muthetheni je?

Wakati vita hivi vikiendelea, pikipiki iliyobadilisha maisha ya Muthetheni ilikuwa nyingine kabisa. Boda boda ilianza kwa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda kule Busia, ndiyo maana ya jina lenyewe. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zilizo chini ya cc 250. Miaka michache tu baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2010, zaidi ya pikipiki laki moja zilikuwa zikisajiliwa kila mwaka, nyingi zikiwa za cc 100 hadi 150 kutoka India na China.

Angalia mstari huo wa cc 250. Sheria iligawanya pikipiki makundi mawili: chombo cha kazi na chombo cha starehe. Supabaiki iliachwa upande wa pili. Lakini Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 ilipokuja, iliweka shilingi 10,000 kwa kila pikipiki iliyoagizwa kutoka nje, iwe ya kubebea magunia au ya kukimbilia. Shilingi hizo 10,000 zilikuwa mzigo kwa mwenye boda boda, na kwa mnunuzi wa supabaiki zilikuwa chenji tu.

Boda boda ilileta kitu kingine ambacho hakuna aliyekipangia bajeti, nacho ni mafundi. Leo karibu kila soko la Ukambani lina kijana anayeweza kuifungua kabureta, kuisafisha kwa petroli, kubadilisha plagi na kukaza cheni, vyote kwa spana chache chini ya mti. R1 ya 1998 ilikuwa na kabureta nne badala ya moja, na kuzilinganisha kunahitaji geji maalumu, ila kanuni ni ile ile. Fundi makini aliweza kuielewa kwa kuitazama.

R1 ya 2015 huwezi kuielewa kwa kuitazama. Sensa moja ikiharibika, taa inawaka kwenye dashibodi, mfumo wa kuzuia kuteleza unajizima, na spana haina la kusema. Tangu kanuni za Euro 5 zianze Ulaya mwaka 2020 kwa modeli mpya, pikipiki za soko hilo zimekuwa na soketi ya kawaida ya uchunguzi, hivyo kifaa cha bei nafuu kinaweza kusoma hitilafu za injini. Lakini mambo ya ABS na kifaa cha vipimo sita mara nyingi bado yanahitaji programu ya kampuni yenyewe. Fundi wa Muthetheni hana programu hiyo, na si kwa sababu hana akili.

Basi achague nini?

Kwanza, asinunue kwa ajili ya kasi. Sheria ya Kenya inaruhusu kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na masoko, na hata gari dogo kwenye barabara kuu haliruhusiwi kuzidi 110. R1 ya 2015 inaipita 110 ikiwa bado gia ya kwanza. Nguvu nyingine yote analipia bure, labda awe na uwanja wa mashindano.

Pili, kama ana sababu ya kununua mpya, sababu hiyo ni breki. BMW waliweka ABS kwenye pikipiki tangu 1988, na Umoja wa Ulaya ukailazimisha kwa pikipiki mpya zote zinazozidi cc 125 kufikia 2017. Mbuzi akikatiza barabara ghafla, ABS inayojua kwamba umelala kwenye kona ina thamani kuliko farasi 50 za ziada. Aelewe pia mipaka yake: kwenye changarawe na mchanga ABS inaweza kurefusha umbali wa kusimama. Tena R1 ina sentimita 13 tu kutoka ardhini hadi tumbo la pikipiki, kwa hiyo njia za vumbi za vijijini aziendee polepole kama anayebeba mayai.

Tatu, kampuni achague kwa kuangalia fundi. Kabla ya kulipa, aulize: nani hapa nchini ana programu ya kuichunguza pikipiki hii? Sensa ikifa, itachukua wiki ngapi kufika? Je, soketi yake inasomeka kwa kifaa cha kawaida? Asiyejibiwa maswali haya asitoe pesa. Na asidhani jina kubwa linatosha. Suzuki waliacha kuiuza GSX-R1000 Ulaya baada ya 2022, ingawa mwaka 2025 walitangaza kuirudisha. Yamaha nao kuanzia 2025 waliiondoa R1 ya barabarani katika soko hilo, wakabakiza ya uwanjani. Kampuni zote mbili alizozipenda zimewahi kuyumba, na modeli ikiondolewa kwenye soko kubwa, mwenye hofu ya vipuri ni yule aliye mbali na kiwanda.

Kwa ufupi: anunue mpya kwa ajili ya breki, na jina la tangini alichague kwa kuangalia ni nani atakayeitengeneza.

Anayedhani haya ni matatizo ya matajiri, atazame pikipiki za umeme. Roam ya Nairobi ilizindua Roam Air mwaka 2022, na kampuni nyingine zinafanya biashara ya kubadilishana betri. Ndani ya betri hizo mna kompyuta pia. Programu iliyoanza kwenye supabaiki sasa inaingia kwenye boda boda, na yule kijana wa chini ya mti atahitaji kompyuta ndogo pamoja na spana zake. Sisi tunaoandika programu tunaweza kumsaidia, kwa kuandika zana za uchunguzi zilizo huru na zinazosomeka kwa Kiswahili. Nani yuko tayari tuanze? Niandikieni.